Namna ya kusimamia na kusambaza funguo za usimbaji kielektroniki kwenye mawasiliano ya serikali

Wakuu habari za saa hizi, na hasa nyie wenzangu wa vitengo vya TEHAMA kwenye wizara, halmashauri na taasisi. Leo nataka tuongelee kitu ambacho ofisi nyingi zinakiacha mwisho kabisa, nacho ni funguo, yaani zile siri zinazofunga na kufungua ujumbe uliosimbwa (uliogeuzwa usisomeke). Watu wanakesha wakibishana kuhusu algoriti (hesabu za kusimba), AES-256 au ile nyingine, vifaa vinanunuliwa kwa hela nyingi sana, afu ufunguo wenyewe unatumwa WhatsApp au upo kwenye daftari la afisa mmoja, sasa hapo umenunua kufuli la bei mbaya ufunguo ukauacha chini ya zulia la mlangoni.

Mimi msimamo wangu ni mmoja na hatua zote hapa chini zinatokana nao: ufunguo wa mawasiliano ya serikali usionekane na jicho la mtu, kuanzia unapotengenezwa mpaka unapoharibiwa. Ukiona kuna sehemu yoyote kwenye mfumo wako ambapo mtu anaweza kuusoma, kuunakili au kuupiga picha, hapo ndo pa kuanzia kazi.

Walijifunza kwa maumivu

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Marekani maana wao walipitia njia yote, kutoka karatasi mpaka elektroniki, na sababu za kuhama zinajulikana hadharani. Zamani funguo zao zilikuwa ni karatasi, kuna orodha zilizochapwa, kuna kadi, kuna tepu za karatasi zilizotobolewa, zinasafirishwa na matarishi maalumu, zinasainiwa kila zinapobadilisha mikono na zinahesabiwa. John Walker alikuwa afisa mawasiliano kwenye jeshi la majini. Mwaka 1967 akaingia mwenyewe kwa miguu yake ubalozi wa Kisovieti pale Washington akaanza kuwauzia hizo funguo, na akaendelea mpaka FBI walipomkamata Mei 1985, yaani zaidi ya miaka 17, hata baada ya kustaafu mwaka 1976 aliendelea kwa kumtumia rafiki yake Jerry Whitworth, kaka yake Arthur na mwanae wa kumzaa Michael.

Angalia sasa alichokuwa anafanya. Hakuvunja algoriti yoyote. Alikuwa anachukua karatasi, anapiga picha kwa kikamera kidogo, anairudisha mahali pake. Wakija kuhesabu, karatasi zote zipo, sahihi zote zipo, rejista imenyooka. Hapa ndo nataka utulie kidogo, kwa sababu ukaguzi wa vitu unakwambia kitu kimepotea au hakijapotea, ila ufunguo ni habari, na habari inaibiwa huku bado ipo mkononi mwako. Januari 1968 Korea Kaskazini wakaiteka meli ya USS Pueblo ikiwa na mashine za usimbaji ndani, na wataalamu wengi walijipa moyo kwamba mashine bila funguo za siku haina kazi, kumbe funguo zilikuwa zinauzwa mtaa wa pili.

Ndo ukazaliwa mfumo wa EKMS (wa kusimamia funguo kielektroniki) chini ya NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, mfumo ambao sasa hivi unarithiwa na mwingine unaitwa KMI. Lengo kuu halikuwa kasi, ingawa na kasi ilipatikana. Lengo lilikuwa kuondoa mkono wa mtu kwenye ufunguo ulio wazi.

EKMS ilipangwa kwa ngazi. Ngazi 0 ni NSA wenyewe, Fort Meade na Finksburg kule Maryland. Ngazi 1 inasimamia usambazaji kwa majeshi. Ngazi 2 ni ofisi ya kawaida yenye akaunti yake, na hapa ndo kuna kitu cha kuiga: mezani kuna vitu viwili tofauti, kuna kompyuta ya kawaida inayotunza kumbukumbu, na pembeni kuna kisanduku cha usimbaji kinachotengeneza, kufunga na kufungua funguo. Kompyuta inajua habari ZA funguo, yaani namba, tarehe, mwenye nao, ila haiujui ufunguo. Kisanduku kinaujua ufunguo ila hakimwambii mtu. Ngazi 3 ni kifaa cha mkononi, zamani AN/CYZ-10, siku hizi AN/PYQ-10, ambacho unakichomeka kwenye redio unapakia ufunguo.

Ukielewa hiyo tofauti ya rejista na kisanduku, nusu ya kazi umemaliza, hata kama ofisi yako ina watu wanne.

Anza na watu, programu baadae

Teua mtunza funguo na naibu wake kwa barua rasmi. Asiwe admini wa seva. Admini ana uwezo wa kugusa logi, sasa ukimpa na funguo inakuwa hamna wa kumuona akikosea au akishawishiwa, na hii sio kumtuhumu mtu, ni kumlinda pia, maana siku kitu kikivuja yeye ndo wa kwanza kushukiwa.

Kwa funguo nzito weka kanuni ya watu wawili. Marekani funguo za daraja la juu kabisa la siri zinatunzwa kwenye sefu yenye makufuli mawili ya namba na hakuna mtu mmoja anayejua namba zote mbili. Ila tuwe wakweli, ofisini kwetu kanuni ya watu wawili inakufa kwa likizo na safari. Mmoja yupo Dodoma kwenye kikao, mkubwa anataka faili sasa hivi, basi aliyebaki anapigiwa simu anatajiwa paswedi ya mwenzie na kuanzia siku hiyo kanuni imekwisha. Dawa yake ni kuwa na watu watano ambapo watatu wowote wakikutana inafunguka. Nitaonyesha chini namna ya kufanya.

Halafu rejista. Kila ufunguo uwe na namba yake (tuseme K-014), kazi yake, algoriti, nani alihusika kuutengeneza, vituo vilivyoupokea, unaanza lini, unaisha lini, na hali yake kwa sasa: bado haujaanza, unatumika, umeisha, umevuja, umeharibiwa. Ufunguo wenyewe USIANDIKWE humo, hata kipande. Na rejista ni nyeti pia, kwa sababu mtu akiisoma anajua nani anaongea na nani hata kama hajui wanaongea nini.

Kwa Wamarekani kila uhamisho unapita kwenye fomu moja, SF 153, na fomu hiyohiyo ndo inatumika kwenye kuhesabu na kuharibu. Kitu kizuri pale ni kwamba aliyetuma anaendelea kuwajibika mpaka risiti iliyosainiwa irudi. Iga hiyo. "Nilituma jana" sio jibu, jibu ni risiti.

Kitu kimoja kidogo ila kinaumiza: saa. Andika muda wa kubadilisha ufunguo kwa UTC na kwa mtindo wa saa 24. Saa 00:00 UTC kwetu ni 03:00, yaani saa tisa usiku. Ukimwandikia mtu "tubadilishe saa tatu" mwingine ataelewa asubuhi, mwingine ataona 3 akaelewa saa tisa, kituo kimoja kinahamia ufunguo mpya na kingine bado kipo kwenye wa zamani na hamsikilizani. Na saa za seva zote zisome chanzo kimoja cha muda.

Panga funguo kwa ngazi

Usiwe na ufunguo mmoja unaofanya kila kitu. Kuna ufunguo wa kusimba ujumbe wenyewe, huu unabadilika mara kwa mara. Juu yake kuna ufunguo wa kufungia funguo, kazi yake ni kuzifunga zile za chini ili zisafiri salama, haugusi ujumbe kabisa. Juu kabisa kuna ufunguo mkuu ambao hautoki nje ya kisanduku. Faida ya hii ni kwamba unasafirisha kwa taabu mara moja tu, yaani ule wa kufungia, afu baada ya hapo mpya zote zinapita mtandaoni au hewani zikiwa zimefungwa. Redio za kijeshi na za polisi zinafanya hivohivo, ufunguo mpya unarushwa kwa redio ileile.

Wamarekani ufunguo ulio wazi wanauita mwekundu na uliofungwa wanauita mweusi. Mweusi unaweza kuutuma hata kwa imeili ya kawaida na usipoteze usingizi. Kwahiyo swali la kuuliza kila hatua ni je, hapa ufunguo ni mwekundu? Na kama ni mwekundu, upo ndani ya kisanduku au upo mahali mtu anaweza kuufikia?

Na tenganisha ufunguo wa kusimba na ufunguo wa kusaini. Wa kusimba lazima uwe na bakapu, vinginevyo ukipotea na nyaraka zimeenda. Wa kusaini usiuwekee bakapu holela, maana nakala ya pili ikiwepo mwenye sahihi anaweza kusema sio mimi niliyesaini na hutakuwa na la kumjibu.

Kutengeneza ufunguo

Hapa ndo pana mambo mengi kwahiyo nivumilieni.

Fungua terminali andika `openssl rand -hex 32`. Utaona herufi 64 zimetokea, huo ni ufunguo halali kabisa wa AES-256. Na hapohapo umeshaharibika. Upo kwenye skrini, upo kwenye historia ya terminali ukipandisha juu, upo kwenye kamera ya dari kama ofisi ina kamera, upo kwenye programu ya kurekodi skrini kama laptopu ni ya ofisi na inayo. Ndo maana serikali zinatumia HSM, kile kisanduku nilichosema, ufunguo unazaliwa ndani, unatumika ndani, ukitoka unatoka umefungwa. Ukinunua angalia cheti cha FIPS 140-3 (kiwango cha Marekani cha usalama wa vifaa vya usimbaji), sio 140-2, maana vyeti vya 140-2 vinahamishiwa kwenye orodha ya kihistoria Septemba 2026 na utauziwa kitu ambacho kinazeeka kabla hujakilipia. Soma pia mwongozo kabla ya kukihamisha, vipo vinavyofuta funguo zote vikihisi vinachokonolewa au betri yake ya ndani ikiisha, na kwenye jengo ambalo umeme unakatika hiyo betri ni kitu cha kuandikiwa ratiba.

Ubahatishaji, yaani namba zisizotabirika, ndo moyo wa ufunguo. Kati ya 2006 na Mei 2008 Debian, watengenezaji wa toleo moja la Linux, walikuwa na kosa kwenye OpenSSL yao (ile programu ya usimbaji), mstari uliondolewa kwenye kodi, na matokeo yake chanzo cha ubahatishaji kikabaki namba ya mchakato tu, ambayo haizidi 32,768. Funguo zilikuwa zinaonekana kawaida, ndefu, nzuri, ila mtu alikuwa anaweza kuzitengeneza zote akazijaribu moja moja. Kwa macho huwezi kujua. Kwahiyo usitengeneze funguo kwenye mashine pepe uliyoikloni leo, na usitumie kiprogramu mtu alichokupa kwenye flashi.

Ufunguo mkuu utengenezwe kwa hafla, na simaanishi keki. Namaanisha kuwa na karatasi yenye kila amri imeandikwa mapema, mmoja anasoma, mwingine anatekeleza, shahidi anatiki, mwishoni wote wanasaini. Ule ufunguo wa mzizi wa DNS (mfumo wa majina ya tovuti) wa intaneti nzima unashughulikiwa hivo tangu 2010, Culpeper kule Virginia na El Segundo kule California, na wanarusha mubashara mtu yeyote aangalie. Unaweza kuangalia moja ukaona jinsi wanavyoenda taratibu, mtu anasoma namba ya mfuko uliolakiriwa, mwenzie anarudia, wanaandika saa. Inachosha kuangalia, na ndo inavyotakiwa.

Ile habari ya watatu kati ya watano inatokana na hesabu za Adi Shamir za mwaka 1979. Siri inagawanywa vipande vitano, vipande viwili havikuambii chochote kabisa, vitatu vinairudisha yote. HSM nyingi zinafanya hivi kwa kadi. Kama unataka kujifunza nyumbani, kwenye Linux weka programu ya ssss, andika `ssss-split -t 3 -n 5`, itakuuliza siri (mwisho herufi 128) na unapoandika haionekani, itakutolea mistari mitano. Kurudisha ni `ssss-combine -t 3`. Fanya kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Kwenye kazi halisi kila kipande kiingie bahasha yake ya kulakiriwa na kikae jengo tofauti, maana nimeshaona vipande vyote vinawekwa sefu moja ya bosi "kwa usalama", hapo mmegawa siri afu mkaikusanya tena.

Kuusafirisha

Turudi kwenye mfano mdogo ambao unaweza kuujaribu leo na GnuPG (gpg), programu ya bure ya kusimba na kusaini. Tuseme makao makuu yanataka kuvipa vituo viwili ufunguo wa pamoja K-014:

`openssl rand -base64 32 | gpg --sign --encrypt -r kituo-a -r kituo-b -o K-014.gpg`

Angalia huo mstari wa wima katikati. Ufunguo unazaliwa upande wa kushoto, unapita kwenye bomba, unaingia kwa gpg inausaini na kuufungia vituo viwili, kinachobaki kwenye diski ni faili jeusi. Haujapita kwenye skrini, haujapita kwenye diski ukiwa wazi. Kule kwenye kituo nako wafanye hivohivo, `gpg -d K-014.gpg` na bomba linaloupeleka moja kwa moja kwenye programu inayoupakia, kwa sababu mtu akiandika `gpg -d K-014.gpg` peke yake ufunguo unatapakaa kwenye skrini na kazi yote imeharibika. Hii ni kwa mazoezi na ofisi ndogo, kwa mambo ya usalama wa nchi unahitaji HSM pande zote mbili na idhini ya wenye mamlaka, kwa Tanzania miongozo ya mifumo ya serikali ipo chini ya e-GA kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, usijitungie ya kwako.

Sasa swali, umejuaje kwamba ufunguo wa umma (ule unaogawiwa wazi ili watu wamfungie mwenyewe ujumbe) ulionao wa kituo-a ni wa kituo-a kweli? Mtu akikaa katikati akakupa wa kwake ukaupokea, utamfungia yeye kila kitu, yeye atafungua, asome, afunge upya awatumie, na wote mtaona mambo yanaenda vizuri. Hapa hamna mkato, mnahakikisha kwa njia nyingine. Andika `gpg --fingerprint kituo-a`, unapata alama ya utambulisho ya ufunguo, makundi kumi ya herufi nne nne. Piga simu kwa namba iliyopo kwenye orodha rasmi ya ofisi, sio namba iliyokuja kwenye imeili yenyewe, na uongee na mtu unayeijua sauti yake.

"Shikamoo mama, nipo na karatasi mbele yangu."

"Marahaba mwanangu, nami ninayo hapa. Nianze?"

"Anza kundi la kwanza, mimi nasoma la pili, tupokezane mpaka la kumi."

Hiyo ya kupokezana ina sababu. Mmoja akisoma yote mwenzie anaitikia tu "ndio, ndio, ndio" huku anaangalia kitu kingine. Na msome makundi yote kumi, yale mawili ya mwisho peke yake yanaweza kughushiwa kwa kompyuta ya kawaida.

Kuthibitisha umefika na ni wenyewe

Ufunguo ukishapakiwa vituo vyote viwili mnajuaje ni uleule bila kuusoma? Mabenki wana njia nzuri ambayo na nyie mnaweza kutumia: kisanduku kinachukua ule ufunguo kinasimba bloku ya sifuri tupu, afu kinakuonyesha herufi sita za mwanzo za jibu. Hizo sita unaweza kuzitaja kwenye simu hata mtu akisikia, hazimrudishi kwenye ufunguo. Zikilingana, mnaandika kwenye rejista, risiti inasainiwa, basi. Zisipolingana usijaribujaribu, irudishwe makao makuu itoke mpya.

Ubadilishe kila baada ya muda gani

Hapa watu wanatofautiana sana, nami nina maoni yangu. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wao wa SP 800-57 wanashauri ufunguo binafsi wa kusaini mwaka 1 mpaka 3, na ule wa kusimba data usizidi miaka 2 kwa upande wa anayesimba. Hizo ni dari, sio shabaha. Ufunguo unaobeba ujumbe mwingi wa kila siku unatakiwa uwe mfupi zaidi.

Kutobadilisha kuna gharama yake. Mwaka 2023 wadukuzi walioitwa Storm-0558 waliingia kwenye imeili za maafisa wa serikali ya Marekani, akiwemo waziri wa biashara Gina Raimondo, kwa kutumia ufunguo wa kusaini wa Microsoft uliotengenezwa 2016. Ripoti ya bodi ya serikali iliyochunguza ilisema ufunguo huo ulitakiwa kustaafishwa Machi 2021. Ulikuwa unabadilishwa kwa mkono, zoezi likaleta hitilafu, wakasimamisha, na ufunguo ukabaki hai. Taasisi 22 zikaguswa. Sasa kama kampuni kubwa namna ile imekwama kwa sababu ya kazi ya mkono, wewe mwenye watu wanne usitegemee kalenda ya ukutani, mfumo wenyewe ukumbushe na ubadilishe.

Ila upande wa pili nao upo na unasahaulika. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walisikiliza redio za maafisa wa shirikisho kwenye miji kadhaa ya Marekani, redio zenye usimbaji mzuri kabisa, na kwa wastani walisikia zaidi ya dakika 20 kwa siku kwa kila jiji za mazungumzo nyeti yakiwa wazi. Kwanini? Swichi ya usimbaji ilikuwa haieleweki vizuri, na sababu nyingine kubwa ni funguo: zinabadilishwa mara kwa mara, kuna afisa redio yake haijapata mpya, basi ili wasikilizane timu nzima inazima usimbaji. Yaani bidii ya kubadilisha ndo iliwavua nguo.

Kwahiyo kwangu mimi kipimo ni hiki, badilisha mara nyingi kadri usambazaji wako unavyoweza kumfikia kila mtu bila kuacha hata mmoja, sio zaidi. Na ufunguo mpya ufike KABLA ya siku yake, ukae umelala kwenye vifaa, ukifika muda uamke wenyewe. Acha dirisha dogo ambapo wa zamani bado unafungua ujumbe uliochelewa lakini haufungi mpya.

Siku ukivuja

Usisubiri uthibitisho. Laptopu imeibiwa, mtunza funguo hapatikani, lakiri ya bahasha imefunguka, hesabu kwamba umevuja. Cha kwanza sio kutengeneza mpya, cha kwanza ni kusimamisha kutumia wa zamani na kuviambia vituo vyote kwa njia ambayo haitegemei ufunguo huohuo, na hii njia muwe mmeipanga mapema kwenye karatasi. Halafu fungua rejista uone ulifunga nini na nini, kama ni ufunguo wa kufungia basi zote za chini yake zimekwenda nao. Baadae mwenye nyaraka aambiwe ukweli: kila kilichosimbwa kwa huo ufunguo kihesabiwe kimesomwa, kwa sababu kama mtu alirekodi mawasiliano ya mwaka mzima anaweza kurudi nyuma kuyafungua yote.

Uholanzi yaliwakuta 2011. Kampuni ya DigiNotar, iliyokuwa inatoa vyeti (vya kuthibitisha tovuti ni ya nani kweli) kwa tovuti na huduma za serikali yao, iliingiliwa, vikatolewa vyeti feki kikiwemo cha google.com kilichotumika dhidi ya watumiaji wa Iran. Serikali ikabidi iingilie kati na kuichukua uendeshaji wake mwanzoni mwa Septemba, vivinjari vikaacha kuiamini na mwezi huohuo kampuni ikafilisika. Shida kubwa ya serikali ilikuwa kwamba mifumo yao mingi inategemea vyeti vya mtoaji yule na huwezi kuvibadilisha vyote usiku mmoja. Kwahiyo uwe na mtoaji wa pili ambaye mkataba wake upo tayari, na mara mbili kwa mwaka fanyeni zoezi la kubadilisha kila kitu, mpime inachukua masaa mangapi.

Kuharibu, na mtu anapohama

Kufuta faili sio kuharibu. Kwenye SSD na flashi ukifuta, data inabaki mahali kifaa kilipoamua. Ndo faida nyingine ya zile ngazi: ukiuharibu ufunguo wa kufungia ndani ya HSM, zote nyeusi zilizobaki kwenye diski, imeili na bakapu zinageuka takataka kwa pamoja. Wawili washuhudie, wasaini, hali kwenye rejista ibadilike siku hiyohiyo. Msisahau bakapu za HSM yenyewe, zile kadi.

Mtumishi akihamishwa au akistaafu, kadi yake inarudi kabla ya barua yake ya kuagwa, cheti chake kinabatilishwa siku hiyo, na kile kipande chake cha siri kinatengenezwa upya kwa watano wote, sio kumrithisha mwingine bahasha ileile. GnuPG toleo la 2.1 na kuendelea inakutengenezea cheti cha kubatilisha chenyewe unapotengeneza ufunguo, kipo kwenye folda ya `openpgp-revocs.d`, kichapishe ukitunze mbali na kompyuta, maana siku unakihitaji huenda kompyuta yenyewe ndo imeibiwa.

Na hizi habari za kompyuta za kwanta

Zinahusu zaidi siri za muda mrefu. Mtu anaweza kurekodi leo mawasiliano yako yaliyobadilishana funguo kwa RSA au mikunjo ya duaradufu (njia za ufunguo wa umma zinazotumika sana sasa), akayahifadhi, akayafungua siku kompyuta hizo zikiiva. AES-256 haina shida kubwa hapo, shida ipo kwenye namna mnavyopeana ufunguo. Agosti 2024 NIST walitoa viwango vitatu vipya, FIPS 203 ndo wa kupeana funguo (ML-KEM), 204 na 205 ni wa kusaini. Usikimbilie kubomoa mfumo. Anza na ile safu ya algoriti kwenye rejista, ichuje, utoe orodha ya kila kinachopeana funguo kwa RSA na kinabeba siri inayotakiwa kudumu zaidi ya miaka kumi, hizo ndo za kuhamisha mwanzo, na kwenye zabuni ya HSM inayofuata andikeni wazi kwamba lazima ikubali kuapdetiwa kwenda ML-KEM bila kununua kisanduku kipya.